Kokwa Kwenye Mkate

Bi Muhaza aliacha kutafuna. Aliinua ncha ya leso yake akafunika midomo, akageuza uso upande wa dirisha kama mtu anayetaka kukohoa, kisha akakitema kile kitu kiganjani. Ilikuwa kokwa ya kunazi, nzima, iking'aa kwa sukari. Akaiweka ukingoni mwa kisahani chake bila ya kusema neno.

Wanawake tisa walikuwa wamekaa juu ya mikeka ukumbini mle, na wote waliisikia ikigonga kauri. Mwanakuu aliisikia kuliko wote, maana mkate ulikuwa wake.

"Niwie radhi, Bi Muhaza," alisema. "Hiyo imeniponyoka."

"Hapana neno. Moja si kitu."

Lakini haikuwa moja. Kahawa haijazunguka mara ya pili, wifiye Bi Muhaza naye akatoa yake kinywani, na baada yake binti mmoja aliyekaa karibu na mlango akashika shavu, machozi yakimlenga, akasema ameuma jiwe. Wanawake waliosalia walianza kuumega mkate kwa vidole na kuupekua kabla ya kuula, kama watu wanaotoa miba kwenye samaki.

Siku ile walikuwa wamekusanyika kupanga arusi. Tumu, binti wa pekee wa Mwanakuu, alikuwa ameposwa na Kamaludin, mwana wa Bi Muhaza, karani wa forodha, na nyumba ile ya ghorofa mbili kwenye Ndia Kuu haikuwa nyumba inayooa kwa mtu yeyote tu. Mume wa Mwanakuu, Abdulhalim, alikuwa fundi wa kuchonga masanduku. Hawakuwa na ghorofa wala shamba. Walichokuwa nacho ni jina zuri, na nusu ya jina hilo ilitoka kwenye mkate. Uani mwake Mwanakuu alikuwa na mkunazi wa miba uliopandwa na nyanyake, na kila mwaka kunazi zikiiva alizitoa kokwa moja moja, akazipika kwa sukari na iliki mpaka zikashikana, akazitia katikati ya unga uliokandwa kwa tui, akaoka kwa moto juu na chini. Hakuna mwingine mtaani aliyekuwa na subira ya kazi hiyo. Watu walikuwa wakisema mkate wa Mwanakuu unaweza kuula gizani bila ya hofu ya jino.

"Ni macho," alisema Bi Muhaza kwa upole. "Macho hayatungoji sisi. Hata mimi siku hizi uzi natungiwa na watoto."

Wanawake wakacheka kidogo. Mwanakuu naye akacheka. Upole ule ulimwuma kuliko kama angetukanwa.

"Nilikuwa nafikiri," aliendelea Bi Muhaza, "kwa siku ya arusi, tusikupe tabu. Tutaagiza biskuti na keki dukani. Mkate wa kunazi ufanye kidogo tu, wa baraka."

"Mkate ni kazi yangu," Mwanakuu alisema. "Naomba uniachie. Wiki ijayo Jumatatu njooni nyumbani kwangu, tukae pamoja tuzitoe kokwa. Macho yakiwa mengi haitaponyoka hata moja."

Bi Muhaza alimtazama, akakitazama kisahani chake. "Haya," alisema. "Tutakuja."

Mwanakuu alirudi kwake na sinia kichwani. Aliondoka nyumbani akiwa na mikate minane, akarudi na mitano.

* * *

"Kokwa tatu?" Tumu aliuliza. Alikuwa amekaa kitandani, ndani, kama ilivyompasa mwari aliyekaribia kuolewa, na miguu yake ilinukia liwa aliyopakwa. "Mama, lile bakuli nililikagua mimi mwenyewe. Nilizibonyeza zote."

"Najua."

"Sasa zimeingiaje?"

"Ulipokwenda kulala jana adhuhuri nilitoa konzi mbili nyingine. Niliona hazitatosha."

Tumu aliweka miguu chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na alimjua mamake vizuri. "Ulikuwa peke yako uani?" aliuliza.

"Nilikuwa peke yangu."

"Na ulisikia tena?"

Mwanakuu aliiweka sinia chini, akaanza kuifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu. Msimu ule ulikuwa na wiki tatu tangu uanze, na tangu siku ya kwanza alipokaa na bakuli lake chini ya mkunazi, alisikia kokwa zikianguka upande wake wa kushoto. Hazikuanguka kwa mwendo wake yeye. Mwanakuu alitoa kokwa polepole, kwa kisu kidogo, akakata na kubandua. Zile zilianguka mbili kwa haraka, kisha kimya, kisha mbili. Alipogeuka, palikuwa na sakafu na majani makavu. Alipozirudia kunazi zake, zikaanza tena. Alijaribu kukaa akauelekeza upande ule kwenye ukuta. Zikaanguka kati yake na ukuta. Siku ya kutayarisha ile mikate minane alikuwa amezisikiliza kwa muda mrefu, mikono ikifanya kazi kwa mazoea tu, na aliposhtuka hakujua tena ni zipi alizotoa kokwa na ni zipi bado. Alizitia zote sufuriani.

"Mama," alisema Tumu, "mimi sitoi kokwa tena. Hata hiyo Jumatatu. Nitafagia, nitakanda, nitapalia makaa. Kunazi sizigusi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nami nilikuwapo."

* * *

Mwaka uliotangulia, mwaka wa pili wa Uhuru, katika chumba cha uani cha nyumba ya pili aliishi Mkamba mmoja, jina lake Mutanu, pamoja na mumewe Chirau na mtoto wao wa kike. Chirau alikuwa Mdigo, mchukuzi wa mizigo gatini Mbaraki. Kabla ya kumwoa alimpeleka kwao upande wa Kwale, akasilimishwa na mwalimu mzee mwezi wa Ramadhani, akapewa jina la Saumu. Mwalimu yule alikwisha kufa. Mtaani hakuna aliyemwita Saumu. Mwanakuu naye alimwita Mutanu, hata alipokuwa akimpenda.

Alimpenda, kwa namna ya mtu anayempenda jirani ambaye hawezi kumwalika pamoja na wageni wengine. Msimu wa kunazi Mutanu alikuja kila asubuhi kusaidia. Hakutumia kisu. Alichukua pini ya nywele, akaichomeka kwenye kikonyo cha kunazi, akazungusha mara moja, na kokwa ikatoka safi, kunazi ikabaki na umbo lake. Mwanakuu alijaribu kujifunza akashindwa. Mutanu alizitoa mbili kwa mkupuo, akapumzika, akazitoa mbili nyingine, na katika mapumziko hayo walizungumza.

Siku ya kufa kwake ilikuwa Jumamosi. Homa ilimshika kwa siku nne, na asubuhi ile Mwanakuu alikuwa amepanga kwenda kumwona, lakini alikuwa na mikate ishirini ya maulidi ya nyumba ya Bi Muhaza. Bi Muhaza mwenyewe alikuja na wifiye na binti zake wawili, wakakaa uani, wakasaidia kutoa kokwa huku wakiangalia kazi. Kamaludin alikuwa bado hajaposa, ila neno lilikuwa limeanza kutembea, na Mwanakuu alijua kwamba siku ile haukuwa ukitazamwa mkate peke yake. Yeye alitazamwa, na uani wake, na Tumu.

Chirau aliingia kwa mlango wa nyuma. Alisimama karibu na kisima.

"Bi Mwanakuu," alisema. "Mwenzangu amefariki."

Wanawake walisema wanayosema Waislamu wanaposikia kifo. Kila mmoja pale alijua kwa nini amekuja. Mwanakuu alikuwa muosha. Wanawake wa mitaa ile wakifa, yeye ndiye aliyeitwa, na majani ya kuwaoshea yalitoka kwenye mkunazi ule ule.

Mikono yake ilikuwa na unga na maji ya kunazi mpaka kwenye vifundo. Alipoitazama, aliona Bi Muhaza naye anaitazama. Akafikiri, kwa muda mfupi kuliko wa kutoa kokwa moja, kwamba akinyanyuka sasa akaenda kumwosha mpangaji wa chumba cha uani, kisha arudi na mikono hii hii kwenye unga, mikate hii haitaliwa, na hilo halitasahauliwa nyumba ile ya ghorofa mbili. Alihitaji sababu ya kukaa. Sababu ikamjia kinywani.

"Alisilimu mbele ya nani?" aliuliza. "Shahidi wake ni nani?"

Chirau alimwangalia kama hakusikia sawasawa. "Wewe wamjua, Bi Mwanakuu."

"Namjua kwa ujirani. Nauliza shahidi."

"Mwalimu amekufa. Wewe walijua hilo."

Mwanakuu alichukua kunazi nyingine. Wifiye Bi Muhaza alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya dini hayataki kukisiwa, na Bi Muhaza akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nipe majani," alisema Chirau. "Nitamwosha mwenyewe."

"Mti ule pale. Chuma."

Alikwenda akachuma. Mkunazi una miba iliyopinda kama kulabu, na mtu asiyezoea hutoka na damu. Chirau hakuzoea. Aliikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja akatia majani humo, na mkono wa pili ukachanika mpaka kwenye kiwiko. Ilichukua muda. Wanawake watano na Tumu wa sita walikuwa wamekaa hatua tano kutoka pale alipo, na hakuna aliyeinuka kumwonyesha namna ya kushika tawi. Waliendelea kutoa kokwa. Alipomaliza aliondoka kwa mlango ule ule wa nyuma, bila ya kuaga.

Hilo Tumu aliliona, na ndilo lililokuwa likimwuma. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Tumu hakulijua. Aliyemfundisha Mutanu kusoma Alhamdu alikuwa Mwanakuu mwenyewe. Chini ya mti ule, misimu miwili kabla, aya kwa aya, pini ikizunguka na kokwa zikianguka, mpaka mwanamke yule akaijua yote. Alimwona akisali kwenye kipande cha mkeka kando ya kisima si mara moja, si mara kumi. Mji mzima ungetafutwa shahidi, asingepatikana mwingine zaidi yake.

* * *

Abdulhalim alirudi baada ya sala ya alasiri, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mwanakuu alimpa maji ya kunywa, akamweleza habari ya kokwa tatu, kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kuibeba peke yake, akamweleza na ile nyingine. Hakuificha Alhamdu.

Mume alisikiliza bila ya kumkatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi nilikwenda kumzika," alisema.

"Najua. Uliniambia."

"Sikukwambia tulikuwa wangapi. Tulikuwa kumi na mmoja, na sita kati yetu walikuwa jamaa zake Chirau waliovuka kutoka Likoni. Jeneza lilipopita barazani watu waliliangalia tu. Neno lako lilifika msikitini kabla ya maiti. Mtu mmoja aliniuliza, 'Ati mkeo amesema yule hana shahidi?' Nikamwambia sijui."

"Kwa nini hukunambia mwaka mzima?"

"Nilifikiri una sababu yako," alisema Abdulhalim. "Nilifikiri labda kweli hakuwa na shahidi."

Mwanakuu aliangalia mikono yake. Mume alikunywa maji yaliyobaki, akaiweka bilauri chini taratibu.

"Chirau yuko Buxton siku hizi," alisema. "Anakaa kwa dadake. Ukitaka kwenda, nitakupeleka. Ndani nitakuacha uingie mwenyewe."

* * *

Walikwenda Ijumaa asubuhi. Abdulhalim alibaki nje, akazungumza na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli kwenye kivuli cha nyumba. Dadake Chirau, mwanamke mrefu mwenye kovu kwenye paji la uso, alimfungulia Mwanakuu, akamwonyesha kiti, akaenda kusimama karibu na dirisha. Hakumkaribisha chai. Chirau alikuwa na zamu ya jioni. Alitoka chumba cha ndani na fulana, akakaa kwenye kigoda kilichomkabili.

"Sabalkheri, Bwana Chirau."

"Sabalkheri."

"Watoto hawajambo?"

"Mtoto ni mmoja. Yuko chuoni, anasoma Kurani."

Mwanakuu alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalimpotea yote. "Nimekuja kuomba radhi," alisema.

Chirau aliweka mikono magotini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama nyembamba nyeupe, nyingi, zimekatana. "Radhi ya nini?" aliuliza.

"Ya siku ile."

"Siku ile ilikuwa na mambo mengi. Sema ni lipi."

"Nilijua kuwa ni Mwislamu. Nilimsomesha Alhamdu mimi. Niliuliza shahidi kwa kuwa sikutaka kuinuka."

Dadake Chirau aligeuka kutoka dirishani. Chirau yeye hakusogea. "Unajua nilimwoshea wapi?" alisema. "Kitanda cha kuoshea sikupewa mpaka alasiri. Waliniambia wanasubiri kauli. Basi niling'oa mlango wa chumba, nikauweka juu ya masanduku mawili, nikamlaza hapo. Mtoto nilimwambia akae nje asigeuke. Mlango haukuwapo tena, kwa hivyo ilikuwa lazima asigeuke."

Chirau aliuangalia mkono wake wenye alama.

"Sikujua nianzie wapi. Upande wa kulia kwanza, hilo nililijua. Majani niliyaponda kwa kitako cha chupa. Nikaosha mara tatu. Mara ya mwisho nikatia karafuu maiti niliyopewa na Mhindi wa dukani, hakutaka kulipwa. Tangu siku hiyo nalala na kuamka nikijiuliza nilikosea wapi. Mtu hana wa kumwuliza. Mashekhe nawaonea haya."

"Ulianza na kumtawadhisha?"

"Ndiyo."

"Ukamfunika kutoka kitovuni hadi magotini?"

"Sikumfunua hata kidogo. Niliosha chini ya kitambaa."

"Na kichwa?"

"Kichwa nilikiosha kwa majani." Alisita. "Nywele nilisikia zinasukwa. Sikujua kusuka. Nilizichana tu nikaziweka nyuma. Alikuwa na nywele nyingi."

"Kusuka si lazima," alisema Mwanakuu. Alikuwa ameosha wanawake zaidi ya arubaini na sauti yake, alipolisema hilo, ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake. "Ulimwosha sawa, Bwana Chirau. Hakuna ulichokosea."

Chirau aliinamisha kichwa. Mabega yake yalipanda yakashuka mara moja, akaufuta uso kwa kiganja, na alipoinua tena macho yalikuwa makavu na makali.

"Nashukuru kwa hilo," alisema. "Radhi yako siwezi kukupa. Aliyekosewa si mimi, naye hayupo. Lakini kuna huyu mtoto. Mbodze ana miaka saba. Huko chuoni watoto wanamwambia mamako alikufa kafiri. Wameyatoa wapi? Kwa mama zao. Juzi ameniuliza kama akifa yeye, atawekwa mahali pamoja na mamake au mbali. Nimjibu nini?"

"Nitakwenda kwa mwalimu wao nimwambie."

"Mwalimu anajua. Mwalimu si tatizo. Wewe uliuliza shahidi ni nani. Basi jibu. Jibu pale pale ulipouliza, mbele ya wale wale uliowauliza mbele yao. Naye awepo asikie."

Mwanakuu aliifikiria Jumatatu. Aliwafikiria Bi Muhaza na wifiye wamekaa uani, na Tumu ndani ana liwa miguuni. "Binti yangu anaolewa nyumba ile," alisema.

"Nimesikia," alisema Chirau. "Hongera."

* * *

Jumatatu walikuja kumi na wanne. Mikeka ilitandikwa uani, bakuli zikapangwa, na kunazi zilizochumwa alfajiri zikamwagwa katikati kwenye ungo mkubwa. Bi Muhaza alikaa mahali pa heshima, karibu na ukuta wenye kivuli. Alikuwa amechangamka, alileta miwani, akaivaa kwa mzaha, watu wakacheka. Kokwa zilianza kuanguka kwenye bakuli, nyingi kwa pamoja, mpaka mtu asingeweza kuitenga moja na nyingine. Hata hivyo Mwanakuu aliitenga. Mbili, kimya, mbili, kushoto kwake, palipoketi mtu mwingine kabisa akifanya kazi kwa kisu.

Tumu hakutoka. Usiku uliopita mamake alimweleza analokusudia kufanya, akamwambia huenda likamharibia. Tumu alifikiri akasema, "Kama Kamaludin ataniacha kwa hili, afadhali aniache nikiwa kwetu."

Dadake Chirau alifika baada ya saa nne, amemshika mkono Mbodze. Mtoto alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mtandio mweupe mkubwa kwake. Walisimama kwenye mlango wa nyuma. Mazungumzo yalipungua. Mmoja aliwasogezea mkeka, lakini mwanamke yule akakataa kwa kichwa.

Mwanakuu aliosha mikono kwenye beseni, akasimama.

"Nina neno," alisema. "Halitachukua muda."

Nyuso zikamgeukia, nyingine zikitabasamu, maana walidhani ni neno la kushukuru.

"Mwaka jana mtu alikuja hapa kunitaka nikamwoshe mkewe. Niliuliza shahidi wa Uislamu wake ni nani. Baadhi yenu mlikuwapo. Leo nataka kujibu nililouliza. Shahidi ni mimi. Jina lake lilikuwa Saumu. Alhamdu nilimfundisha mimi, hapa chini ya mti huu, na nilimwona akisali kwa macho yangu. Siku ile nilijua. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na mikate motoni na nilitaka nionekane mtu wa maana. Huyu mtoto pale mlangoni ni wake. Mtu yeyote akimwambia mamake alikufa kafiri, basi anarudia uongo wangu, na aje aniulize mimi."

Mwanamke mmoja alianza kusema kwamba hayo yamepita na marehemu huombewa tu, akaishia katikati. Wifiye Bi Muhaza alikuwa ameshika kunazi moja na kuitazama kana kwamba imeandikwa kitu.

Bi Muhaza alivua miwani. "Sisi tulikuwapo," alisema. "Mimi na wanangu. Unatuaibisha na sisi, Bi Mwanakuu, na tumekuja kwako kwa heri?"

"Nimejitaja mimi tu."

"Ulitutazama."

"Nilikutazama siku ile, ndiyo, na ndiyo maana nilisema nililosema. Lakini ulimi ulikuwa wangu."

Bi Muhaza aliikunja miwani akaitia mfukoni mwa kanzu. Aliinuka taratibu, akalivuta buibui lake likae vizuri, binti zake wakainuka nao. Wifiye alichelewa kidogo, kisha akafuata. Walipita karibu na Mbodze mlangoni, na Bi Muhaza alisimama hapo kama mtu aliyesahau kitu; mkono wake ulinyanyuka nusu, ukashuka, akatoka.

Arusi haikuvunjika. Siku sita zilipita bila ya neno, na kila siku katika hizo sita Abdulhalim alikwenda kazini na kurudi akiulizwa kwa macho. Kisha Kamaludin alimtuma mjombake aje aseme kwamba tarehe ni ile ile. Ilisemekana alizozana na mamake mpaka sauti zikasikika barabarani. Lakini mkate wa kunazi haukuliwa arusini. Keki zilinunuliwa dukani, na Bi Muhaza alikaa upande wake na Mwanakuu upande wake, wakasalimiana kama watu waliokutana sokoni. Na msimu uliofuata, walipokufa wanawake wawili wa mtaa ule, nyumba moja ilimwita Mwanakuu na nyumba moja ikaita mtu mwingine.

Hayo yote yalikuja baadaye. Siku ile, Bi Muhaza alipokwisha kutoka, wanawake waliobaki hawakujua waondoke au wakae. Wawili waliondoka. Waliosalia waliendelea kutoa kokwa, kwa kuwa mikono haikuwa na jambo jingine la kufanya. Mwanakuu aliingia jikoni, akaukata mkate mmoja wa majaribio aliouoka asubuhi, akautia kwenye kisahani, akaupeleka mlangoni. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Chukua, mwanangu."

Mbodze alimtazama shangazi yake, kisha akakipokea kisahani kwa mikono miwili. Alikuwa na adabu nzuri. Alikishika hivyo hivyo, sawasawa, bila ya kukisogeza kinywani.

"Umesikia niliyosema?"

"Nimesikia."

"Umeyafahamu?"

Mtoto alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi kula."

"Baba amenambia nije nisikilize," alisema Mbodze. Hakusema kwa ukali. Alikuwa akieleza tu jambo lilivyo. "Hakunambia nile."

Akatafuta pa kukiweka kisahani. Palikuwa na ukingo wa kisima karibu naye, akakiweka hapo kwa uangalifu kisianguke, akaurudisha mkono wake ndani ya mkono wa shangazi yake. Mwanamke yule alimwambia Mwanakuu kwaheri, kwa sauti isiyokuwa ya uadui wala ya urafiki, na wote wawili wakatoka kwenye ujia.

Mwanakuu alibaki ameinama vile vile kwa muda. Nyuma yake mtu alimwita, akamwuliza kama kunazi hizi zinatosha au zichumwe nyingine. Alijibu kwamba zinatosha. Kisha akarudi kwenye mkeka, akakaa, akavuta bakuli lake, akafanya kazi mpaka adhuhuri bila ya kugeuka kushoto.